Mlango Mwembamba wa Darasa la Saba: Historia ya Mitihani ya Taifa katika Karagwe na Kyerwa

1. Utangulizi

Kila mwaka, mwezi wa Septemba, watoto wa darasa la saba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kama wenzao wa nchi nzima, huketi kwa siku mbili kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Jumapili inayotangulia, katika sharika nyingi, watoto hao huitwa mbele ya madhabahu wakaombewa. Ni desturi njema, nasi hatuna neno la kuipinga. Lakini matokeo yatangazwapo miezi michache baadaye, ni mara chache watoto hao huitwa tena wote pamoja. Waliofaulu huleta shukrani zao. Wale ambao majina yao hayakuonekana hurudi kwenye migomba na mibuni ya wazazi wao, au huondoka kutafuta kazi mjini, wala hakuna ibada iliyoandaliwa kwa ajili yao. Makala hii imezaliwa na kimya hicho.

Tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mtihani ulivyoingia katika nchi hii ya magharibi mwa Ziwa Viktoria, jinsi ulivyobadilika, na jambo gani halikubadilika. Hoja yetu ni moja. Mtihani una kazi mbili: kuchuja na kufundisha. Mtihani wa kuchuja huuliza, “Ni nani apite?” Mtihani wa kufundisha huuliza, “Ni nini hakijaeleweka, na ni nani anayepaswa kukieleza upya?” Katika historia yetu kazi ya kwanza imekuwa ikiimeza ya pili. Na kwa kuwa shule za kwanza za nchi hii zililetwa na misheni, Kanisa haliwezi kusimama kando kama mtazamaji.

2. Kabla ya karatasi

Nchi ya Karagwe ilikuwa ufalme wenye sifa kabla ya kuwa wilaya. Mwezi Novemba 1861, wasafiri John Hanning Speke na James Grant walipokelewa na Mukama Rumanyika, na maandishi yao yaliitangaza Karagwe huko Ulaya. Kafuro palikuwa kituo cha wafanyabiashara waliotoka pwani kupitia Tabora. Hivyo lugha ya Kiswahili ilisikika katika nchi hii ya Wanyambo kabla ya mwalimu wa kwanza kufungua daftari.

Watu hawa hawakukosa elimu, wala hawakukosa kupimwa. Karagwe ilijulikana kwa ufundi wa chuma. Mtoto aliyejifunza uhunzi alipimwa kwa jembe alilolifua: kama lilivunjika, alirudi kwenye mivukuto akaanza tena. Kipimo kilikuwa kikali, kwa maana mkulima hakuweza kudanganywa na jembe bovu. Lakini kipimo hicho hakikumwambia kijana kwamba hana mahali. Kilimwambia kwamba kazi haijakwisha. Hatusemi haya ili kuipamba siku za kale. Mafunzo hayo yalikuwa na ubaguzi wake wa ukoo, wa cheo na wa jinsia. Tunasema tu ya kwamba wazo la kumpima mtoto ili kumwondoa lilikuja na mfumo mwingine.

3. Shule za misheni na mtihani wa darasa la nne

Wamisionari Wakatoliki walijenga Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Wamisionari wa Bethel, akiwamo Ernst Johanssen, walifika Bukoba mwaka 1910, wakawakuta tayari Waafrika waliokuwa wakisoma Injili wao kwa wao. Yatupasa kukumbuka jina ambalo watu waliwaita Wakristo wa kwanza katika sehemu nyingi za nchi za maziwa: wasomaji. Kuamini na kusoma vilikwenda pamoja. Aliyetaka ubatizo alihojiwa, na kama hakujua, alifundishwa tena mpaka ajue. Ulikuwa mtihani, lakini nafasi za ubatizo hazikuwa na idadi. Hakuna aliyebatizwa kwa sababu mwenzake amekosa.

Chini ya serikali ya Waingereza mambo yalichukua sura nyingine. Mwezi Oktoba 1925 wakuu wa serikali na wajumbe wa misheni walikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya elimu. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa usajili, ukaguzi na ruzuku. Shule ya misheni iliyofuata mtaala na kuwa na walimu wenye vyeti iliweza kusaidiwa fedha. Shule ndogo za vijijini, zilizofundisha kusoma, kuimba na katekisimu, zilibaki nje ya hesabu. Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kuonja uchungu wa kufunga fedha na matokeo. Tangu mwaka 1862 shule zake zililipwa kwa kadiri watoto walivyofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Walimu wakafundisha kile tu kitakachoulizwa, na mpango huo ukaachwa kabla karne haijaisha.

Katika Tanganyika mlango wa kwanza ulikuwa mwisho wa darasa la nne. Watoto wengi walikomea hapo. Wachache waliofaulu waliingia shule za kati, darasa la tano hadi la nane. Wachache zaidi waliendelea na sekondari, na juu kabisa ulikuwapo mtihani wa Cambridge, ambao maswali yake yalitungwa na kusahihishwa Uingereza. Kwa mtoto wa Karagwe mlango huo ulikuwa mwembamba mara mbili, kwa sababu shule nyingi kubwa zilikuwa upande wa Bukoba, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga. Watu walizoea kuusifu mkoa huu kwamba ni wa wasomi, bila kutazama kwamba usomi huo haukugawanyika sawa kati ya pwani ya ziwa na vilima vya mpakani.

4. Uhuru: mtihani wapingwa, mtihani wajengwa

Mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na katika hao 176 walikuwa kidato cha sita. Takwimu hizo alizitoa Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967. Alieleza pia kwamba mwaka ule wa 1967 yapata asilimia 13 tu ya waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari, na kwamba shule iliyowaandaa watoto wote kwa ajili ya nafasi za wachache ilikuwa ikiwafundisha wengi kujiona wameshindwa. Juu ya mitihani alisema wazi kwamba inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyaeleza kwa saa zilizowekwa. Haipimi akili ya kufikiri, wala tabia, wala utayari wa kutumikia. Alitaka heshima ya mtihani ipunguzwe mbele ya serikali na mbele ya watu.

Matokeo ya maneno hayo yalikuwa ya namna mbili. Kwa upande mmoja milango kadha iliondolewa. Darasa la nane lilifutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchujo wa darasa la nne nao ukakoma, hata mtoto akaweza kusoma miaka saba mfululizo. Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974 likaagiza kwamba maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, pamoja na kazi za mikono na mwenendo, yahesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho.

Kwa upande wa pili, taifa lilijijengea mtambo wake wa mitihani. Baada ya Cambridge, nchi yetu ilishiriki katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ikajitoa mwaka 1971. Na kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Hatua hii ilikuwa ya haki: taifa huru haliwezi kuagiza maswali ya watoto wake ng’ambo. Lakini nafasi za sekondari zilibaki chache, na palipo na nafasi chache mtihani hauwezi kudharauliwa kwa azimio. Mzazi aliitazama orodha ya majina, si hotuba.

Hapa Kanisa lilipata pigo na pia funzo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizifanya shule za misheni kuwa mali ya umma. Wengi wa wazee wetu walisikitika. Wengine walikubali kwamba mtoto wa Mwislamu na mtoto wa Mkristo wapaswa kuwa na mlango mmoja. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mingi baadaye sharika zetu hazikuwa na sauti ndani ya shule, zikazoea kuuona mtihani kuwa jambo la serikali.

5. Mgawo, vita na dayosisi mpya

Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kugawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa na wilaya, ili sehemu zilizochelewa kupata shule zisiachwe nyuma daima. Mkoa wa Ziwa Magharibi, kama ulivyoitwa hapo, ulihesabiwa pamoja na Kilimanjaro kuwa miongoni mwa sehemu zilizotangulia. Wazazi wengi walilalamika kwamba mtoto wao mwenye alama nzuri anaachwa, na wa mkoa mwingine mwenye alama ndogo anachukuliwa. Malalamiko hayo tunayaelewa. Lakini mgawo ule ulifichua jambo ambalo karatasi ya mtihani huficha: alama za mtoto ni pia alama za shule yake, za mwalimu wake, na za miaka ambayo kijiji chake kimekuwa na shule. Mtoto wa Nkwenda au Kaisho, aliyehesabiwa ndani ya mkoa wa wasomi, angeweza kuona kwamba kipimo hicho cha mkoa hakikumtazama yeye pia.

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia kaskazini mwa mkoa, na vita vikafuata hadi 1979. Mwaka huo wa 1979 mkoa ukaitwa Kagera, na mwaka huohuo Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa letu ikazaliwa. Ilizaliwa wakati Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyofikia kilele mwaka 1977, imekwisha kujaza madarasa. Watoto walikuwa wengi kuliko wakati wowote, walimu wengi wao walikuwa wamefundishwa kwa haraka, na nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo, serikali ilipolegeza masharti katika miaka ya 1980, wazazi na makanisa walikimbilia kujenga sekondari. Shule kama Karagwe Sekondari, iitwayo Karaseco, na Sekondari ya Wasichana ya Bweranyange ni ushuhuda wa juhudi za Walutheri wa Karagwe. Kanisa lilirudi shuleni. Na liliporudi, likaukuta mtihani ukiwa umeketi kwenye kiti cha mbele.

6. Shule za kata na mwaka 2012

Mabadiliko makubwa yalikuja na karne mpya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. MMES kwa ajili ya sekondari ukaanza 2004. Wananchi walibeba mawe, wakafyatua matofali, wakachanga. Kila kata ikataka sekondari yake. Katika Kyerwa na Karagwe mtoto ambaye babu yake angelazimika kwenda Bukoba aliweza sasa kutembea kwa miguu hadi kidato cha kwanza. Mlango uliokuwa mwembamba ulipanuliwa kwa mikono ya watu wenyewe. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu.

Ndipo mtihani ukafichua kilichokuwa nyuma ya mlango. Mwaka 2012, mwaka ambao Kyerwa ilitengwa na Karagwe ikawa wilaya kamili, ulikuwa mwaka mgumu kwa mitihani ya taifa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya 330,000 Karagwe na zaidi ya 320,000 Kyerwa, idadi kubwa yao wakiwa watoto. Mwaka huo mtihani wa darasa la saba ulifanywa kwa fomu maalumu zinazosahihishwa kwa mashine, mtoto akiweka alama kwenye jibu moja kati ya kadha, hata katika hisabati. Na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliishtua nchi: yapata watahiniwa 6 kati ya kila 10 walipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume. Mwezi Mei serikali ilitangaza kuyafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Yalipotoka tena, baadhi ya waliokuwa wameshindwa walikuwa wamefaulu.

Tuketi kidogo mbele ya jambo hili. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, mtoto yuleyule. Mwezi Februari aliitwa mtu aliyeshindwa. Baadaye akaitwa aliyefaulu. Mtoto hakubadilika, kilichobadilika ni mstari uliochorwa juu yake. Hatusemi kwamba mstari hauna maana. Daktari wa Nyakahanga hana budi kujua dawa, na mhandisi hesabu. Lakini mstari ni kazi ya wanadamu, na asiwepo mtumishi wa Kanisa atakayesema juu ya mtoto neno ambalo Mungu hakulisema, kwa sababu ya mstari.

Iko pia habari ya lugha. Mtoto wa Kinyambo huanza shule kwa Kiswahili, akifika sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Wapendwa wasomaji wanakumbuka habari ya Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi, jinsi watu walivyohukumiwa kivukoni kwa namna walivyolitamka neno moja. Mtoto ajuaye kwa nini udongo wa shamba la baba yake umechoka, lakini asiyejua kulisema hilo kwa Kiingereza, anasimama kwenye kivuko cha namna hiyo. Hafi, lakini huhesabiwa kuwa hajui.

7. Ukaguzi wa Saksonia

Kwa Walutheri iko habari ya matokeo mabaya ambayo yafaa ikumbukwe. Kati ya 1527 na 1529 ulifanyika ukaguzi wa sharika katika Saksonia, na Martin Luther mwenyewe alishiriki tangu 1528. Miaka michache kabla, mwaka 1524, alikuwa amewaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule, za wavulana na za wasichana. Alichokiona vijijini kilimvunja moyo: watu wengi hawakujua hata misingi ya imani, na wachungaji wengi hawakuweza kuwafundisha. Kwa lugha ya siku hizi tungesema wilaya nzima ilipata sifuri.

Luther alifanya nini? Hakutangaza orodha ya sharika kumi bora. Aliandika kitabu. Katekisimu Ndogo na Katekisimu Kubwa, zote za mwaka 1529, ni majibu ya matokeo mabaya. Tena ukali wake wa kwanza aliwaelekezea maaskofu na wachungaji waliopewa kazi ya kufundisha wasifundishe. Hatusemi kwamba alikuwa mpole kwa wote; wale waliokataa kujifunza aliwakemea vikali. Lakini alitofautisha asiyejua na akataaye kujua, na wa kwanza alimpa mwalimu. Huu ndio mtihani wa kufundisha: matokeo humrudia mwalimu yakiwa kazi mpya.

Katika nchi yetu mfano wa roho hiyo umeonekana. Tangu mwaka 2010, katika utafiti ulioitwa Uwezo, watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto habari fupi ya kusoma na hesabu nyepesi za kiwango cha darasa la pili, na wazazi wakaambiwa papo hapo mtoto wao anaweza nini. Watoto wengi waliokuwa madarasa ya juu hawakuweza. Habari hizo ziliuma, lakini hazikumfukuza mtoto hata mmoja shuleni.

8. Hitimisho

Tumeona ya kwamba kwa muda wa karne nzima mlango umehamishwa, kutoka darasa la nne hadi la nane, kutoka la nane hadi la saba, kutoka la saba hadi kidato cha nne. Na Sera ya Elimu iliyotolewa upya mwaka 2023, yenye kuweka elimu ya msingi ya miaka sita na elimu ya lazima ya miaka kumi, itauhamisha tena. Kuhamisha mlango ni kazi ya serikali, nayo imeifanya mara nyingi kwa nia njema. Kumpokea aliyebaki nje ni kazi ambayo hakuna sheria iliyomnyang’anya Mchungaji.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, shule zetu za Kanisa zijihoji. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule bora na watahiniwa bora. Nasi tulioyapenda mabango hayo tujiulize ni watoto wangapi, katika shule zisizo za serikali, zikiwamo za makanisa, wamewahi kuondolewa au kurudishwa nyuma ili wasiharibu wastani. Shule inayolinda jina lake kwa kumtoa aliye dhaifu imesahau kwa nini ilijengwa. Pili, mtihani wa kipaimara usigeuzwe mchujo. Mwanafunzi asiyejua sehemu ya Katekisimu afundishwe tena, na mwalimu wake aulizwe kwanza. Tatu, usharika unaowaombea watahiniwa mwezi Septemba uwaite wote tena baada ya matokeo, waliofaulu na wasiofaulu, wasimame mstari mmoja mbele ya madhabahu ileile, na majina yao yatajwe bila alama.

Jambo hili la tatu halihitaji fedha wala kibali. Tena ni somo la kuhesabiwa haki ambalo mtoto wa miaka kumi na minne atalielewa kabla hajasoma kitabu chetu chochote.